Kamba ya Mbuzi

Bi Maureen alinifungulia mlango akiwa amevaa koti,
utadhani ni yeye anayeondoka.
Gari lilikuwa mbele ya nyumba, Mtaa wa Hainton, Grimsby:
Micra ya kijivu, rangi ileile ya mbingu ya huku,
mlango wa abiria umebonyea kama shavu la kibogoyo.
"Ron hajawahi kulikimbiza," akasema,
nikaelewa kuwa Ron ni marehemu
kwa jinsi alivyokifuta kioo mara mbili
na hakikuwa na vumbi.

Nikafungua boneti. Nikachomoa kijiti cha oili,
nikakipangusa kwa leso, nikakitumbukiza tena.
Alinitazama.
"Unayajua magari?"
Nayajua. Miaka kumi na mmoja
nimeendesha ambulensi ya misheni, Songea hadi Mbinga,
kabla ya lami, masika,
mjamzito nyuma, mkunga ubavuni
akinitajia kona moja moja gizani.
Nilimjibu, "Kidogo."
Nikahesabu pauni elfu moja na mia moja,
noti za plastiki zinazoteleza,
hela isiyokubali kufungwa kwenye pindo la kanga.

Ndipo nikaipigia simu bima.
Kijana, sauti ya mtu anayetafuna kitu.
Kazi yako?
Ninawaosha wazee majumbani mwao.
Gari litalala wapi usiku?
Nikacheka. Wiki ile ya kwanza
mimi nililala wapi, hakuna aliyeuliza.
Umeendesha miaka mingapi bila ajali?
Kumi na mmoja.
Hapa?
Kule.
Vidole vyake vikagonga vitufe, vikatua.
"Basi naandika sifuri."

Sifuri.
Mto ulipomeza daraja nikavuka kwa kufuata nyayo za ng'ombe: sifuri.
Mapacha waliozaliwa injini ikinguruma,
mmoja akapewa jina langu: sifuri.
Elfu moja na mia tisa kwa mwaka, akasema.
Mbuzi nimemnunua,
kamba inauzwa bei ya ng'ombe.
Na leseni yangu, akaongeza kwa upole wa kukariri,
ina miezi kumi na miwili ya kupumua,
ikikata roho nitafanya mtihani
nifundishwe na mtoto wa watu namna ya kushika usukani.

Nilikubali. Ungesema nini wewe?
Basi la kwanza hupita saa kumi na mbili na nusu,
na Bwana Pickersgill huamka saa kumi na moja,
amelowa, anaona haya.

Kadi ya gari ililetwa na posta wiki ya tatu.
EUSEBIA HAULE, herufi kubwa, hakuna iliyokosewa.
Na maandishi mengine, manene:
karatasi hii si uthibitisho wa umiliki.
Wewe ni mtunzaji tu.
Niliisoma nimesimama kwenye ngazi,
nikaenda kuiweka pamoja na ile nyingine
yenye picha yangu na tarehe ya mwisho,
ambayo nayo haisemi nina nini,
inasema niko mpaka lini.

Chini ya kiti cha dereva nilikuta
peremende ya mnanaa, imegandamana na karatasi yake,
na risiti ya maua.
Nimeviacha palepale.
Bima haikuuliza nani mwingine yumo.

Jumatatu, giza, barafu kwenye kioo.
Niliikwangua kwa kadi ya benki ya Songea,
iliyokwisha muda, haijaisha makali.
Nikawasha. Likakohoa. Likakohoa tena. Likakubali.
Nikaingia barabarani kushoto,
kushoto kama kwetu,
mikono ikajua kabla yangu.
Kwenye mzunguko wa kuelekea bandarini hapakuwa na mtu,
hata mbwa.
Niliwasha indiketa hivyo hivyo
nikaitaja kona kwa sauti, kama yule mkunga:
"Shika kulia, Sebia. Polepole.
Haya, nyoosha."